Uzi: Junkers Ju 86, ndege ya abiria iliyozaliwa na mabomu tumboni

Bawa la Chuma (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nyuzi za ndege humu jukwaani karibu zote ni za F-16, Sukhoi na droni. Leo naomba turudi nyuma, miaka ile ya katikati ya vita kuu mbili, tuiangalie ndege moja ya injini mbili ambayo wengi huipita haraka wakikimbilia He 111 na Stuka, ndege za mabomu za Wajerumani zenye jina kubwa zaidi. Ni Junkers Ju 86 ya Ujerumani. Kwa kawaida humalizwa kwa sentensi moja: ilikuwa dhaifu, ikaondolewa, basi. Mimi naona imeonewa. Tena sehemu ya historia yake ilipita Kenya, huko Moyale mpakani, na jambo hilo ni nadra kulisikia likisimuliwa kwa Kiswahili.

Tuanze na siasa, maana bila siasa ndege hii haieleweki. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyima Ujerumani jeshi la anga. Hitler alipoingia madarakani 1933 jeshi hilo lilikuwa likiundwa chini kwa chini, na ni Machi 1935 ndipo Luftwaffe ilipotangazwa hadharani. Sasa utaundaje ndege za mabomu na huku dunia nzima imekukodolea macho? Unaagiza ya abiria. Mwaka 1934 ilitolewa oda ya ndege ya injini mbili yenye kazi mbili: iwabebee Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, abiria kumi, na umbo hilohilo liweze kupakiwa mabomu. Heinkel wakaja na He 111, Junkers wakaja na Ju 86. Ya Junkers iliruka kwanza, Novemba 1934; ya Heinkel ikafuata Februari 1935.

Mwenye jina la kiwanda hakuwepo tena. Hugo Junkers alinyang'anywa kampuni yake na hataza zake na Wanazi mwaka 1933, akafariki Februari 3, 1935, siku aliyotimiza miaka 76. Michoro ilisimamiwa na Ernst Zindel, yuleyule wa Ju 52. Ziweke hizi mbili pamoja uone walivyopiga hatua: Ju 52 ngozi yake ni bati la mikunjo, injini tatu, magurudumu yananing'inia nje muda wote. Ju 86 ngozi ni laini, magurudumu yanakunjwa, mkia una mapezi mawili.

Lakini angalia ndani. Mwili uliopimwa kwa abiria kumi ndio uliotakiwa ubebe mabomu karibu kilo 800, yakisimamishwa wima kwenye visanduku nyuma ya rubani. Bunduki za rashasha zilikuwa tatu tu: moja puani, moja mgongoni, moja kwenye pipa linaloshushwa chini ya tumbo. Likishushwa hilo pipa, upepo unalikamata na mwendo unapungua, yaani unapunguziwa kasi saa ileile adui yuko nyuma yako. Magurudumu nayo yalikaribiana sana na yalikunjwa kuelekea nje, hivyo ndege ilisumbua ikiwa chini. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa yalianza kuponyoka tangu kwenye karatasi ya oda.

Nakuja na injini. Hapo ndipo penye utamu.

Salha B

Mkuu tiririka, nimeweka kambi. Swali kabla hujaenda mbali: kwa nini injini mbili? Kama Ju 52 ya injini tatu ilikuwa inafanya kazi vizuri, si wangeiboresha hiyohiyo?

Bawa la Chuma

@Salha B sababu kubwa ni pua. Ukiweka injini puani, mtu wa kulenga mabomu huna pa kumweka. Injini zikikaa kwenye mabawa, yeye anakaa mbele kabisa, kioo mbele yake, anaona ardhi yote, na bunduki ya mbele inapata nafasi.

Pia ulikuwa wakati wa imani moja kubwa. Stanley Baldwin aliliambia bunge la Uingereza Novemba 1932 kwamba ndege ya mabomu itapenya tu, uweke ulinzi gani. Kabla yake Jenerali Giulio Douhet wa Italia alikuwa ameshahubiri kwamba vita vijavyo vitaamuliwa kwa kuipiga miji kutoka angani. Kwa hiyo kila jeshi likataka ndege ya mabomu ya kasi. Marekani walitangulia na Martin B-10: bawa moja, mwili wote wa chuma, mabomu yamefichwa ndani, magurudumu yanakunjwa. Ilipoingia kazini 1934 ilikuwa inaziacha nyuma ndege nyingi zilizotakiwa kuikimbiza. Baada ya B-10, ndege ya mabomu yenye mabawa ya ghorofa na waya katikati ilikuwa imeshazeeka hata kama imetoka kiwandani jana.

Mzee wa Dizeli

Mleta uzi, nimewahi kusikia hii ndege ilitumia dizeli. Mimi kazi yangu ni injini za malori, nimezifungua kuanzia ndogo mpaka za semi. Dizeli ni nzito kwa umbile lake, maana mgandamizo ni mkubwa na lazima chuma kiwe kinene. Iliwezaje kuinua ndege ikabeba na mabomu juu yake?

Bawa la Chuma

Nilikuwa nakungojea mtu kama wewe mkuu.

Injini ni Jumo 205. Mfumo wake ni tu-stroku, silinda sita, lakini pistoni kumi na mbili. Kila silinda ina pistoni mbili zinazotazamana. Zinakuja katikati kwa pamoja, zinaubana upepo baina yao mpaka unapata joto la kuwasha dizeli, nozeli zinapuliza, moto unazisukuma zote mbili kwenda nje. Hakuna silinda hedi. Hakuna valvu. Hakuna plagi. Pistoni moja ikifika mwisho wa safari yake inafungua matundu ya eksozi, mwenzake upande wa pili anafungua matundu ya upepo safi, na upepo unaosukumwa na pampu unapita moja kwa moja kutoka ncha hii hadi ile ukifagia moshi. Krenkishafti ni mbili, ya juu na ya chini, zimeunganishwa kwa gia hadi kwenye pangaboi.

Sasa swali lako la uzito limejibika: umeondoa hedi, umeondoa valvu na mtambo wake wote, na kila mzunguko ni mlipuko. Ilitoa nguvu za farasi karibu 600. Ulaji wake ulikuwa mdogo kuliko wa injini za petroli za wakati ule, kwa hiyo ndege ilikwenda mbali zaidi kwa tangi lilelile, na dizeli haishiki moto haraka tangi likitobolewa na risasi. Lufthansa walizifunga kwenye ndege zao za majini za kuvuka Atlantiki, zikafanya kazi nzuri.

Ndege ya kwanza ya Ju 86 iliruka na injini nyingine za petroli kwa sababu Jumo hazikuwa zimekamilika. Zilipofungwa, na ndege ikapelekwa vitani, mambo yakabadilika.

Mzee wa Dizeli

Usimalizie, naona inapokwenda. Injini ya namna hiyo inapenda mzunguko mmoja. Jenereta ya hospitali unaiwasha, unaiacha kwenye mzunguko wake, inakwenda miaka. Chukua injini hiyohiyo umpe mtu wa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, uone kama hatakuletea imenoki. Pistoni ya upande wa eksozi ndiyo inayoumia, kwa sababu inakaa na moto muda wote na haipati nafasi ya kupoa kama ya foo-stroku. Ukiongeza moto ghafla joto linapanda kabla maji na oili havijawahi kulishusha. Sihitaji hata kuiona hiyo Jumo, najua wapi ilipasukia.

Bawa la Chuma

Ndivyo ilivyokuwa, mkuu. Mapema 1937 Wajerumani walipeleka chache Hispania na Condor Legion, kikosi chao kilichompigania Franco dhidi ya Jamhuri kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, zikaonje vita. Februari mwaka huohuo moja ikatunguliwa na ndege za Jamhuri. Marubani walilalamikia kwamba vitani unabadilisha moto kila dakika, unapanda, unakwepa, unashuka, na Jumo haikuyapenda hayo. Junkers wakalazimika kutoa toleo jingine, Ju 86E, lenye injini za petroli za BMW zinazopozwa kwa upepo. He 111 ikapewa nafasi ya kwanza jeshini, na Ju 86 nyingi zikapelekwa shule za marubani. Jumla ya zote zilizotengenezwa hazikufika 1,000.

NjiaPanda

Mleta uzi naheshimu utafiti wako ila hoja yako ya "imeonewa" naipinga. Linganisha na wenzake. Tupolev SB ya Urusi iliruka mara ya kwanza Oktoba 1934, mwezi mmoja tu kabla ya hii Junkers. Hispania ilipofika mwishoni mwa 1936, SB ilikuwa inapita juu ya ndege za Franco, wanaiangalia tu inavyokwenda zake, maana ilivuka kilomita 400 kwa saa. Ju 86 hata ilipofungiwa BMW ilikuwa kwenye 300 na kidogo. Umri mmoja, injini mbili mbili, vita hivyohivyo. Warusi wakatengeneza SB zaidi ya 6,000. Hapo aliyeonewa ni nani?

Bawa la Chuma

@NjiaPanda takwimu zako sina ugomvi nazo, na SB ilistahili sifa hizo. Ila tazama ilivyoagizwa. Tupolev aliambiwa kitu kimoja: ndege ya mabomu yenye kasi. Hata jina SB ni ufupisho wa maneno ya Kirusi yenye maana hiyo. Hakuna aliyemwambia aweke na viti vya abiria. Zindel aliambiwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na juu yake akapewa injini ya safari ndefu aipeleke kwenye mapigano ya karibu. Ndiyo maana nasema lawama iende kwa walioandika oda, isiishie kwa ndege. Na nina ushahidi: kila mahali ilipopewa kazi moja tu, Ju 86 iliifanya. Nitatoa mifano miwili. Wa kwanza uko huku kwetu.

Kijana wa Isiolo

Fika Moyale mkuu. Sisi wa barabara hiyo tunasikia tu kwamba Waitaliano waliwahi kuishika, hatuelezwi zaidi.

Bawa la Chuma

Sawa. Shirika la ndege la Afrika Kusini lilianzishwa 1934, likawa chini ya wizara ya reli na bandari. Waziri alikuwa Oswald Pirow, na Pirow huyohuyo alikuwa pia waziri wa ulinzi. Yaani mtu mmoja ndiye anayenunua ndege za abiria na ndiye anayehitaji ndege za vita. Akaenda kwa Wajerumani. Shirika likanunua Ju 52, kisha ndege 18 za abiria za Ju 86, na hizi hazikuwa na dizeli: za mwanzo zilikuja na Rolls-Royce Kestrel, baadaye zikawa za Pratt & Whitney Hornet. Lile wazo la Berlin la ndege moja yenye kazi mbili likawa limevuka bahari hadi Johannesburg.

Septemba 1939 vita vikaanza na Afrika Kusini ikaingia upande wa Uingereza. Viti vikang'olewa, bunduki zikafungwa, vishikio vya mabomu vikawekwa nje chini ya ndege. Mwanzoni zilipewa doria ya pwani. Desemba 1939 zikashiriki kuinasa meli ya Kijerumani Watussi, iliyokuwa imetoka Msumbiji kwa Wareno ikijaribu kurudi kwao kwa kuzunguka kusini kabisa mwa bara. Watussi ilikuwa ya safari za Afrika, katika zile meli za abiria za Kijerumani zilizojulikana pwani yetu kabla ya vita. Ilipoonekana haina pa kukimbilia, mabaharia wake waliichoma wenyewe, na manowari ya Uingereza Renown ikaimalizia. Ndege ya Kijerumani ndiyo iliyosaidia kuikamata meli ya Kijerumani.

Mei 1940 ndege hizo zikapewa Skwadroni ya 12 ya Afrika Kusini na kuletwa Kenya. Italia ilikuwa imeshika Ethiopia, Eritrea na Somalia, na kila mtu alijua saa inakaribia. Italia ilitangaza vita Juni 10. Siku chache tu baadaye, Juni hiyohiyo, Ju 86 zikaanza kupiga kambi za Waitaliano upande wa pili wa Moyale.

Moyale yenyewe ilikuwa na ngome ya Waingereza iliyolindwa na askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Waitaliano waliizingira, na katikati ya Julai 1940 wale askari wakatoka usiku, wakajipenyeza katikati ya adui na kuiacha. Kwa hiyo ndiyo, Moyale ilishikwa, mpaka mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalipoanza kusonga kaskazini. Mega, mji wa Ethiopia kaskazini mwa Moyale, ikaanguka Februari, Mogadishu mwezi huohuo, Addis Ababa Aprili 6. Waliotembea kwa miguu kwenye joto lile walikuwa vijana wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), pamoja na Waafrika Magharibi na Waafrika Kusini. Tunapozungumza ndege tusiwasahau hao. Wengi wao hawana hata jiwe lenye majina yao.

Mpwani Malindi

Nyongeza kidogo kutoka huku chini. Waitaliano nao walikuwa na ndege zao za mabomu, Caproni za injini tatu, na hawakukaa kimya. Wajir ilipigwa Juni hiyohiyo 1940, siku tatu tu baada ya kutangaza vita, na ndege zilizokuwa uwanjani zikaharibiwa. Na hapa Malindi tulidondoshewa mabomu mwaka huohuo. Watalii wa Kitaliano wamejaa huku miaka hii yote na wengi wao hawajui kwamba babu zao walifika kwanza kwa njia hiyo. Wakati ule Malindi ulikuwa mji mdogo wa wavuvi na mashamba, sijui walikuwa wanalenga nini.

NjiaPanda

Ahsante kwa Moyale, hilo kweli sikulijua. Lakini mkuu bado nakubana: Ju 86 ilisalimika kule kwa sababu adui alikuwa dhaifu. Waitaliano walikuwa na CR.32 na CR.42, ndege za mabawa ya ghorofa. Ingekutana na Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza, isingerudi hata moja.

Bawa la Chuma

Kweli, na sikupingi. Tena ongeza kwamba Waitaliano walikuwa wamekatiwa njia: Mfereji wa Suez uko mikononi mwa Waingereza, kila lita ya mafuta na kila tairi lililokwisha halina mbadala. Lakini tazama kazi yenyewe kule. Kuruka masafa marefu juu ya nchi kavu isiyo na barabara, kutua kwenye uwanja wa vumbi, kupiga kambi, kurudi. Mwaka 1940 Uingereza haikuwa na ndege za kisasa za kuigawia Kenya, zote zilitakiwa nyumbani. Aliyekuwa nayo ndiye aliyepigana. Skwadroni ya 12 baadaye ikapewa Martin Maryland, zikitoka kwenye kiwanda cha yuleyule Martin wa B-10, na Ju 86 zikarithishwa skwadroni hadi skwadroni. Zilistaafishwa Septemba 1942 zikiwa zimerudia doria ya pwani. Kwa ndege iliyokusudiwa kubeba abiria kumi hiyo si aibu.

Salha B

Na mfano wa pili? Ulisema miwili.

Bawa la Chuma

Huu ndio ninaoupenda zaidi, na Mzee wa Dizeli ataufurahia.

Ju 86 ilipokuwa imeshaandikwa kuwa imekufa, Junkers waliichukua wakaiwekea chumba kilichozibwa na kujazwa upepo, watu wawili tu ndani, bunduki zikaondolewa, mabawa yakarefushwa, na injini zikawa tena dizeli za pistoni zinazotazamana: Jumo 207 yenye tabo. Ikaitwa Ju 86P, kisha Ju 86R. Kazi yake moja: panda juu kabisa, nyoosha, piga picha, rudi. Hakuna kukanyaga na kuachia. Injini ya ukoo uleule ulioshindwa Hispania ikawa inafanya kazi zaidi ya mita 12,000 juu, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuifikia.

Ilipita juu ya Uingereza na juu ya Misri na haikuguswa kwa muda mrefu. Agosti 1942 moja ikadondosha bomu moja katikati ya mji wa Bristol asubuhi, likaangukia penye mabasi na kuua watu zaidi ya 40. Ving'ora havikulia mapema, kwa sababu nani angetangaza hatari kwa ajili ya ndege moja iliyo juu kiasi kile? Waingereza walikuwa wameshaanza kuitafuta. Misri mafundi wa Aboukir walizivua Spitfire, ndege za kivita za Uingereza, kila kilo isiyo ya lazima, na mwezi huohuo, siku chache kabla ya Bristol, wakaitungua moja. Septemba 12, 1942, Spitfire nyingine iliyopunguzwa uzito ikaifuata Ju 86R juu ya Southampton, zaidi ya mita 13,000. Rubani alikuwa Emanuel Galitzine. Mzinga wake mmoja uligoma kwa baridi, na kila akifyatua wa pili ndege yake inavutwa upande mmoja na kuteleza. Junkers iliponyoka na tundu kwenye bawa. Yanatajwa kuwa mapambano ya juu kuliko yote ya vita vile. Baada ya hapo Wajerumani hawakuthubutu tena kuipeleka Uingereza kwa kujiamini kama kwanza.

Mzee wa Dizeli

Hapo sasa umenena. Wazo la pistoni zinazotazamana halikufa na ndege hiyo. Waingereza wa Napier walinunua leseni ya Junkers tangu miaka ya thelathini, na baadaye wakatoa Deltic, krenkishafti tatu kwa pembe tatu, iliyofungwa kwenye boti za kijeshi na vichwa vya treni. Na injini ya kifaru cha T-64 ni ya pistoni zinazotazamana pia. Kongo ya Kinshasa wanavyo hivyo vifaru, walinunua Ukraine. Fundi wa jeshi pale anayefungua injini yake anashika ukoo uleule.

Kijana wa Isiolo

Kuna iliyobaki popote? Hata mabaki yake huku kaskazini?

Bawa la Chuma

Inayojulikana kubaki nzima ni moja tu, nayo ni ya Sweden. Waswidi walinunua Ju 86, wakatengeneza nyingine 16 kwa leseni katika kiwanda cha Saab, wakazifungia injini za muundo wa Bristol wa Uingereza, na baadhi ziliendelea kubeba watu na mizigo hadi miaka ya 1950. Hiyo iliyobaki iko kwenye makumbusho ya jeshi lao la anga, Malmen, nje kidogo ya Linköping. Najua tuna wanajukwaa wanaoishi Sweden. Aliye karibu akipita pale, naomba picha mbili: moja ya magurudumu yanavyokunjwa, nyingine ya lile pipa la chini ya tumbo kama bado lipo.

Mbeba Maji

Mkuu niko Norrköping, ni jirani kabisa na Linköping kwa treni. Nipe muda, mwisho wa wiki nikipata nafasi nitapita na kuziweka humuhumu kwenye uzi.